Kurundika, kubadilisha au mchanga: matandiko gani yanafaa uwanja wako wa kuku?

Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi cha gramu 100 au zaidi kwa siku, na kama robo tatu ya uzito huo ni maji. Ukiwa na kuku kumi, hiyo ni kilo nzima na ushee kila siku, na sehemu kubwa yake huangukia usiku mahali pamoja, chini ya fito wanazolalia. Mjadala mzima wa matandiko unarudi hapo: maji hayo yaende wapi, na nani ayashughulikie. Unaweza kuyabeba mwenyewe kwa koleo, unaweza kuyaachia jua na upepo, au unaweza kuviachia kazi vijidudu vinavyoishi ndani ya matandiko. Kila njia ina wenyewe wanaoisifu, na kila mmoja husema kweli kwa banda lake.

Hapa ninamfikiria mtu mwenye kuku kuanzia wanne hadi ishirini nyuma ya nyumba, mwenye kibanda cha kulala na uwanja uliozungushiwa wavu. Mwenye maelfu ana mahesabu mengine.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kubadilisha. Unatandika tabaka jembamba, sentimita 5 hadi 8, na kila wiki au kila wiki mbili unatoa lote na kuweka jipya. Ni safi, inaeleweka, na ukiacha wiki moja ipite bila kufanya, pua itakukumbusha.

Ya pili ni mchanga. Unamwaga mchanga wenye chembe kubwa, kisha kila asubuhi unapita na reki yenye wavu au chekecho, unaokota kinyesi kilichokauka na kuacha mchanga ulipo. Matandiko yenyewe hayabadilishwi mara kwa mara. Unachoondoa ni uchafu tu.

Ya tatu ndiyo ninayotaka kuikalia zaidi: kurundika. Unaanza na sentimita 10 hadi 15 za maranda, majani makavu au kitu cha jinsi hiyo. Kinyesi kinapoongezeka huondoi, unaongeza tandiko jipya juu na kugeuza. Rundo linapanda taratibu hadi sentimita 20 au 30, na unalitoa mara moja au mbili kwa mwaka. Kuku wenyewe wanakusaidia kugeuza, maana kuchakura ndiyo kazi yao.

Siri ya kurundika ni uwiano wa kaboni na nitrojeni. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi sana, uwiano wake ni kama 10 kwa 1 au hata chini ya hapo. Maranda yana kaboni tele, mamia ya kaboni kwa nitrojeni moja. Mabua makavu ya nafaka yako karibu na 80 kwa 1, na majani makavu ya miti huwa kati ya 40 na 80 kutegemea mti. Vijidudu vinavyooza takataka hufanya kazi vizuri karibu na 25 au 30 kwa 1. Kwa hiyo kila unapoongeza tandiko kavu unavipa kaboni ya kufungia nitrojeni ambayo vinginevyo ingeruka hewani kama amonia na kukuchoma macho. Ukiacha kuongeza, huna tena matandiko ya kurundika. Una banda chafu lenye jina zuri.

Ndani ya banda na nje uwanjani si kazi moja

Hapa ndipo watu wengi wanapotatizana, kwa sababu wanaviita vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Ndani ya kibanda, chini ya paa, juu ya mbao au saruji, matandiko ya kurundika yanatakiwa kuwa makavu. Unyevu wa asilimia 20 hadi 30 ndio unaotakiwa. Kwa kiwango hicho uozaji ni wa polepole. Kazi kubwa ya tandiko ni kunyonya maji ya kinyesi, kuyatawanya na kuyaachia yatoke na hewa. Ndiyo maana kibanda cha kurundika bila matundu ya hewa juu, karibu na paa, hakiwezi kufaulu hata ukitandika nini. Hewa yenye unyevu lazima ipate pa kutokea, tena juu ya vichwa vya kuku waliolala, si usawa wao.

Nje uwanjani, juu ya udongo, mambo ni mengine. Huko rundo linaweza kuwa na unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na likawa mbolea hai kabisa: minyoo ya ardhi inapanda kutoka chini, wadudu wanazaliana, kuku wanawafukua mchana kutwa. Harufu yake inakuwa ya udongo wa msituni baada ya mvua. Amonia kidogo inayotoka inapotea hewani, kwa kuwa hakuna kuta za kuizuia.

Sasa chukua ushauri wa uwanjani uupeleke ndani. Mtu anasema, "Rundo likikauka sana, linyunyizie maji." Kwa uwanja wakati wa kiangazi, sawa. Ndani ya kibanda, siku tatu hazipiti kabla macho ya kuku hayajaanza kutoa machozi. Au chukua ushauri wa ndani uupeleke nje: "Tumia maranda membamba." Uwanjani mvua moja inayageuza kuwa uji. Kabla ya kufuata maneno ya mtu yeyote kuhusu matandiko, muulize kwanza anazungumzia wapi.

Tazama juu, kisha tazama chini

Kama uwanja wako una paa, hata la bati moja linalofunika nusu, uhuru wako wa kuchagua unaongezeka sana. Karibu kila tandiko litafanya kazi. Kama hauna paa, mvua ndiyo inayokuchagulia.

Chini nako kuna habari. Chimba shimo la kina cha kiganja ndani ya uwanja, mimina ndoo ya maji, ngoja. Maji yakizama upesi, udongo wako ni wa kichanga au tifutifu na unaweza kurundika bila wasiwasi. Yakikaa hapo kama kwenye sufuria, una mfinyanzi, na chochote utakachotandika juu yake kitalala majini msimu wa mvua. Dawa yake ni kuchimba mfereji upande wa juu wa mteremko ili maji ya jirani yasiingie, kuinua usawa wa uwanja, au kuanza na tabaka nene la vibanzi vikubwa vya miti ili maji yapite chini ya miguu ya kuku badala ya kati ya vidole vyao.

Chombo cha maji cha kuku wenyewe huleta unyevu mwingi kuliko watu wanavyodhani. Ukikiweka chini sakafuni, kuku wanachakura takataka hadi ndani na kumwaga maji. Kipandishe hadi usawa wa mgongo wa kuku, na kama unaweza, kitoe kabisa nje ya kibanda cha kulala. Usiku kuku hawanywi.

Kazi, harufu, afya, mbolea

Kwa jasho la kila siku, mchanga ndio unaodai zaidi: dakika chache, lakini kila siku, na siku ukisafiri lazima uwe na mtu wa kukushikia. Kubadilisha kunadai siku moja ngumu kwa wiki. Kurundika kunadai kidogo sana kwa wiki, kugeuza chini ya fito na kuongeza tandiko, halafu kunakudai deni lote kwa mkupuo siku ya kutoa. Siku hiyo ni nzito. Uwanja wa mita za mraba 10 wenye rundo la sentimita 25 una mita za ujazo mbili na nusu za kubeba kwa toroli. Mwenye mgongo mbovu afikirie hilo mapema.

Mchanga nao una uzito wa aina yake. Uwanja huohuo ukitandikwa sentimita 10 unakula mita moja ya ujazo, ambayo ni karibu tani moja na nusu. Unauingiza mara moja na kusahau, hadi siku utakapohitaji kuutoa.

Harufu: mchanga mkavu ulioko kivulini na unaochekechwa kila siku hauna mpinzani kwa kutonuka. Mchanga uliolowa na kuachwa bila kuokotwa unanuka vibaya kuliko vyote, kwa sababu hauna kaboni ya kushika nitrojeni. Matandiko ya kubadilisha yananuka mwisho wa wiki. Ya kurundika yakiendeshwa vizuri hayanuki, na yakinuka yanakuambia jambo mahususi ambalo nitalirudia.

Afya ya kuku ndiyo sehemu yenye maneno mengi. Hofu ya kawaida ni kwamba ukiacha kinyesi ndani miezi sita utafuga koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku. Mayai ya koksidia yanayotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na hewa ili yakomae, na kwenye nyuzi 25 hadi 30 siku mbili hivi zinatosha. Kwa hiyo tandiko kavu, hata lenye umri wa miezi, ni salama kuliko tandiko jipya lililolowa. Kuku wakubwa wanaookota mayai machache machache hujijengea kinga. Hatari halisi iko kwenye kona iliyolowa, chini ya chombo cha maji na mlangoni mvua inapopiga. Kona hiyo ichote yote uitupe nje, usiifunike kwa maranda mapya ukadhani umemaliza.

Minyoo ya tumbo ni kesi tofauti kidogo. Mayai ya minyoo mviringo yana ganda gumu na yanaweza kudumu miezi mingi kwenye udongo na takataka, na kurundika hakuyamalizi. Ukiwa na historia ya minyoo, usitegemee rundo likutibie.

Miguu inapenda rundo laini na kavu. Kuku anayesimama kwenye unyevu na kinyesi siku nzima anaanza kuungua unyayo, kisha ngozi inapasuka na jipu linaingia. Mchanga mkavu ni mzuri kwa miguu pia, isipokuwa uwanja usio na kivuli, ambako mchana jua kali hulifanya tabaka la juu lisikanyagike.

Kwa mbolea, kurundika kunashinda bila ubishi. Matandiko ya kubadilisha unayotoa kila wiki ni mabichi, mengi yakiwa maranda yasiyooza, na ukiyapeleka bustanini hivyohivyo yatafyonza nitrojeni ya udongo wakati yakioza. Kinyesi kilichookotwa kwenye mchanga ni kikali na kinahitaji kuchanganywa na majani kwenye lundo la mbolea. Rundo la mwaka limeshafanya nusu ya safari.

Kuna sifa moja ya zamani ya kurundika ambayo bado inanukuliwa. Miaka ya 1940 watafiti wa kituo cha kilimo cha Ohio, Marekani, waliona kwamba kuku waliokuwa juu ya matandiko ya zamani walistahimili chakula pungufu kuliko wenzao waliotandikiwa mapya. Vijidudu vya rundo hutengeneza vitamini B12, na kuku huipata wakichakura. Vitamini yenyewe ilitengwa maabara mwaka 1948. Ni habari nzuri, lakini vyakula vya kuku vya sasa vinatiwa vitamini hiyo kiwandani, kwa hiyo isiwe sababu yako ya kuchagua.

Ukichagua kurundika, urundike nini?

| Tandiko | Ndani ya kibanda | Uwanja bila paa | Kuoza | La kuangalia |
|---|---|---|---|---|
| Maranda | Bora | Huloa na kushikamana | Polepole | Yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa |
| Vibanzi vya miti | Vigumu kwa miguu vikiwa vikubwa | Bora | Polepole sana | Vikae vikauke kabla ya kuingia ndani |
| Majani makavu ya miti | Mazuri yakichanganywa | Mazuri, yaongezwe mara kwa mara | Haraka | Yakiwa mazima hulaliana kama karatasi |
| Mabua ya nafaka | Yawe yamekatwakatwa | Hulaliana na kushika maji | Wastani | Utitiri hujificha ndani ya mabomba yake |
| Pumba za mpunga | Nzuri, nyepesi | Hubebwa na upepo na mvua | Polepole sana | Vumbi. Hazinyonyi maji mengi |
| Vumbi la mbao | Hapana, peke yake | Hapana | Wastani | Kuvu, vumbi puani |

Maranda ndiyo ninayoyapa kipaumbele ndani ya kibanda. Yananyonya, yanabaki na nafasi za hewa kati ya mapande, na kuku wanayageuza kwa urahisi. Ya msonobari yaliyokauka hayana tatizo. Ya mierezi yenye harufu kali nayaepuka, kwa kuwa mafuta yake huwasha njia ya hewa ndani ya kibanda kilichofungwa. Ukichukua maranda kwa fundi seremala, muulize mbao zilikuwa za aina gani. Mbao zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa zinaweza kuwa na arseniki, na hiyo haiozi. Inabaki kwenye matandiko na kuishia bustanini.

Vumbi la mbao lile laini linaloanguka chini ya msumeno linavutia kwa sababu linapatikana kwa wingi. Usilitandike peke yake. Likilowa linakuwa tope, likikauka linapeperuka na kuingia kwenye mapafu, na likishika unyevu kidogo tu linaota kuvu aina ya Aspergillus, ambayo huua vifaranga kwa ugonjwa wa mapafu. Vifaranga wachanga pia hulidonoa wakidhani ni chakula. Kiganja kimoja ndani ya ndoo ya maranda, sawa. Zaidi ya hapo, liache.

Kwa uwanja usio na paa, vibanzi vya matawi yaliyosagwa ndivyo vinavyostahimili. Vina saizi tofautitofauti, vingine vidogo kama ukucha, vingine vinene kama kidole, na maji ya mvua yanapita katikati yao hadi ardhini badala ya kukaa juu. Vinaoza polepole kutoka chini. Fukua baada ya miezi kadhaa utakuta juu vibanzi vya kijivu vilivyo vikavu, chini yake udongo mweusi wenye minyoo, na mpaka kati ya viwili hivyo haupo, vinaingiliana. Kuku wanajua hilo na watachimba mashimo mapana hadi wafike kwenye tabaka lenye uhai. Yasawazishe kwa reki, watayachimba tena, na hiyo ndiyo kazi uliyotaka wafanye.

Majani makavu ni ya bure na kuku wanayapenda kupita kiasi. Mwaga gunia moja uwanjani uone fujo. Ila yanaisha haraka, na majani mapana mazima yakiloa yanalaliana tabaka juu ya tabaka na kufunga hewa. Yachanganye na kitu kigumu zaidi. Mabua ya nafaka yana kasoro hiyohiyo ya kulaliana, tena kwa ukaidi zaidi, na bomba lake la ndani ni nyumba nzuri ya utitiri. Nyasi ndefu mbichi au zilizokauka nusu zisiingie kabisa: huota ukungu, na kuku akimeza uzi mrefu unaweza kuziba gole.

Pumba za mpunga, yale maganda ya nje ya punje, zina silika nyingi na kwa hiyo haziozi upesi. Kwa kibanda hilo ni jema: zinabaki zimetifuka na kukauka haraka. Kwa mbolea si jema sana. Nusu pumba na nusu maranda ni mchanganyiko ninaouona mzuri kuliko kila kimoja peke yake.

Mkono na pua

Chota kiganja cha matandiko kutoka katikati ya rundo, si juu, ulikamue kwa nguvu, kisha ufungue mkono. La ndani ya kibanda linatakiwa kushikana kidogo tu na kusambaratika mara moja ukiligusa. La uwanjani linaweza kubaki umbo la bonge kwa muda, lakini lisidondoshe maji. Bonge likibaki zima hata ukilirusha juu na kulidaka, ongeza tandiko kavu na ugeuze. Likimwagika kama mchanga na kukupiga chafya, ni kavu mno: nje nyunyiza maji kidogo, ndani liache lilivyo na punguza tu vumbi kwa kugeuza kuku wakiwa nje.

Pua ina hila yake. Anayeingia bandani kila siku huzoea amonia na kuacha kuisikia, na sehemu 25 kwa milioni, kiwango ambacho wafugaji wengi wamefundishwa kukihesabu kikomo, kinaweza kupitwa bila mwenye banda kujua. Tena unasimama wima. Kuku anapumua karibu na sakafu inakotoka gesi. Chuchumaa asubuhi kabla ya kufungua milango, kaa hapo ukiwa umefumba mdomo. Macho yakiwasha, kuku wameishi humo usiku kucha.

Amonia ikitokea, sababu ni kati ya mbili: unyevu umezidi au kaboni imepungua. Dawa ya zote ni tandiko kavu kwa wingi, kugeuza, na hewa. Chokaa ambayo wengi hukimbilia kuinyunyiza inafanya kinyume cha wanachotaka: inapandisha pH, yaani inapunguza uasidi, na pH ikipanda juu ya 7 amonia inatoka kwa kasi zaidi. Majivu ya kuni vilevile. Chokaa ina mahali pake, kwenye sakafu tupu baada ya kutoa kila kitu. Unga ule mweupe wa mabaki ya mwani uuao wadudu nao siuweki ndani ya rundo hai. Hauchagui mdudu mbaya na mzuri, na vumbi lake si rafiki wa mapafu.

Chini ya fito ndipo rundo linapofia kwanza. Kuku hawachakuri hapo, kinyesi cha usiku kinashikamana na kuwa gamba gumu linalofunga hewa kwa chini. Livunje kwa uma wa shamba kila wiki, au weka ubao chini ya fito, ukwangue kila asubuhi na kupeleka kinyesi moja kwa moja kwenye lundo la mbolea. Ubao huo unaondoa karibu nusu ya mzigo wa rundo kwa dakika mbili. Kwa sehemu nyingine za banda, tupa punje chache za nafaka juu ya matandiko jioni. Kuku watageuza wenyewe.

Lini usirundike

Kuna hali ambazo kurundika hakufai, hata ukiwa mpenzi wake.

Vifaranga wapya wasiwekwe juu ya rundo la kuku wakubwa. Kinga yao ya koksidia bado haijajengeka, na virusi vya ugonjwa wa Marek, vinavyotoka na vumbi la manyoya, hukaa hai bandani kwa miezi. Wape maranda mapya mahali pao.

Baada ya ugonjwa ulioua kuku, usibakize kitu cha zamani kwa kisingizio cha mbegu ya vijidudu. Toa lote, osha, kausha, acha wazi.

Kuku wakibanana, rundo haliwezi kumeza. Kadiria angalau mita ya mraba 0.4 kwa kila kuku ndani na mita ya mraba moja uwanjani. Chini ya hapo utakuwa unaongeza maranda kila siku, na hiyo ni sawa na kubadilisha kwa gharama kubwa zaidi. Vibanda vidogo vya kuhamahamishwa na vyenye sakafu ya wavu havihitaji mjadala huu, kinyesi kinaanguka na banda linasogezwa.

Na panya: rundo nene, laini, lenye punje za chakula ni nyumba ya ndoto yao. Kama eneo lako lina panya wengi, lisha kuku nje, ondoa mabaki ya chakula kabla ya giza, na weka wavu wa matundu madogo chini na pembeni kabla ya kutandika mara ya kwanza. Ukishindwa hilo, kubadilisha au mchanga kutakupa amani zaidi.

Ningechagua nini

Kibanda kikavu chenye hewa na uwanja wenye paa: kurundika kote, maranda ndani, majani na vibanzi nje. Kibanda kikavu na uwanja ulio wazi kwenye eneo la mvua nyingi: maranda ya kurundika ndani, vibanzi vikubwa tu nje, na mfereji kabla ya chochote. Eneo kavu, uwanja wenye kivuli, kuku wanne au watano, na mtu anayependa kazi ndogo ya kila asubuhi: mchanga, bila kusita. Mfinyanzi unaotuama bila paa na bila nguvu ya kuchimba: usitumie mchanga hata kidogo, utapata zege ya kinyesi, tumia vibanzi na upunguze kuku.

Mtu anayeishi nyumba ya kupanga na anayeweza kuhamishwa wakati wowote, au ambaye banda lake limegusa ukuta wa jirani, namshauri kubadilisha. Deni la siku ya kutoa rundo si zuri kulirithisha.

Ndani ya kibanda cha mbao, kabla ya kuanza kurundika, weka ubao wa kizuizi mlangoni wenye kimo cha sentimita 25 hivi, na upake au ufunike sehemu ya chini ya kuta. Mbao zinazogusana na rundo lenye unyevu mwaka mzima huoza pamoja nalo.

Siku ya kutoa

Toa theluthi mbili, bakiza theluthi moja iliyo kavu na yenye harufu ya udongo, uitawanye na kuongeza mapya juu yake. Vijidudu vilivyomo vinaanza kazi siku hiyohiyo badala ya wiki kadhaa. Ulichotoa ndani ya kibanda bado hakijaiva. Rundo la ndani huwa kavu mno kupanda joto la nyuzi 55 linaloua viini vya magonjwa, kwa hiyo lilundike nje, lilowanishe hadi liwe kama sifongo iliyokamuliwa, ligeuze likipoa, na uliache liive. Cha uwanjani kutoka tabaka la chini kinaweza kuwa tayari, lakini kina kinyesi cha jana kilichochanganyika nacho. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo, na siku 90 kwa yasiyogusana, na hesabu hiyo naiona ya busara kwa bustani ya mboga popote. Fanya kazi hii mwanzoni mwa msimu wa kiangazi kama unaweza: sakafu inapata jua la kukauka, na rundo la nje halioshwi na mvua kabla halijaiva.